Sikukuu za Marekani kwa wanafunzi wa Kiingereza: kipi kianze, kipi kingoje

Swali: Mimi ni Mtanzania ninayeishi Kentucky. Jioni mbili kwa wiki nafundisha Kiingereza kwenye ukumbi wa kanisa. Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengi ni Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya Nyarugusu, na sasa wanafanya kazi maghalani na viwandani. Kitabu tulichopewa kina sura ya kila sikukuu ya Marekani: picha ya boga, picha ya bata mzinga, picha ya mti wa Krismasi, halafu orodha ya maneno. Wananakili vizuri, lakini wiki inayofuata hawakumbuki kitu. Mwaka jana mama mmoja wa Kipentekoste alifunga daftari tulipofika Halloween, akasema hakuja kujifunza mambo ya mashetani. Mwingine hakwenda kazini Jumatatu ya Pasaka akidhani ni sikukuu. Nifundishe sikukuu zipi, kwa njia gani, na hiyo Halloween niiruke?

Jibu:

Pole na hongera kwa kazi, mwalimu. Katika visa viwili ulivyotaja, kile cha mama wa Halloween ndicho walimu hupenda kusimuliana, lakini mimi ningeanza na huyu wa Jumatatu ya Pasaka, maana ndiye aliyepata hasara. Vitabu vingi vya aina hiyo vimeandikwa kana kwamba msomaji ni mtalii anayetaka kujua wenyeji hula nini mwezi Novemba. Mwanafunzi wako ana zamu ya usiku, ana watoto wanaoleta barua kutoka shuleni, ana miadi ya ofisi ya serikali aliyoingojea kwa miezi. Kwake sikukuu ni siku ambayo ratiba inavurugika. Anataka kujua kipi kimefungwa, kipi kiko wazi, na yeye mwenyewe anatakiwa kuwa wapi. Fundisha kutokea hapo. Hadithi ya asili ya sikukuu ina nafasi yake, ila ije nyuma.

Somo la kwanza kabisa, hata kabla ya kufungua kalenda ya Marekani, liwe la sikukuu ambazo hazipo. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka hazimo katika orodha ya serikali kuu. Mei Mosi ni siku ya kazi kama nyingine, na hapo wanafunzi hushangaa wakisikia kwamba Mei Mosi yenyewe ilitokana na mgomo wa kudai saa nane za kazi na umwagaji damu wa Chicago mwaka 1886. Wamarekani wana Labor Day yao, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, kwa sheria ya mwaka 1894. Tarehe 26 Desemba, ambayo aliyekaa Tanzania anaijua kama Boxing Day, huku watu wanarudi kazini. Idi zote mbili hazimo. Chora ubaoni safu mbili, moja ya kule tulikotoka na moja ya hapa, kisha kila mtu ataje siku alizokuwa akipumzika Uvira, Bujumbura au Kasulu. Kwa kila siku inayotajwa, darasa zima liulize kwa sauti: "Are we working on Easter Monday?" Nawe ujibu kama msimamizi wa zamu. Viwanda na maghala mengi hutumia mfumo wa pointi: ukikosa bila kutoa taarifa unaandikiwa pointi, zikifika idadi fulani unaachishwa kazi. Wenye kazi hizo wanaujua mfumo huo kuliko mimi na wewe. Waache waueleze kwa Kiingereza chao hichohicho kidogo.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye sikukuu zilizopo. Orodha ya serikali kuu ina siku 11. Nyingi ya zile zinazohamahama zinaangukia Jumatatu kwa sababu ya sheria iliyopitishwa mwaka 1968 na kuanza kutumika 1971, iliyolenga kuwapa watu mapumziko ya siku tatu mfululizo. Lakini jambo ambalo kitabu chako hakisemi, na ambalo nalihesabu kuwa muhimu kuliko bata mzinga wote, ni kwamba orodha hiyo inawafunga watumishi wa serikali kuu tu. Mwajiri binafsi hafungwi nayo. Sheria ya kazi ya serikali kuu, ile ya mwaka 1938, haimlazimishi kumpa mfanyakazi mapumziko siku hiyo wala kumlipa kwa saa ambazo hakufanya kazi. Ndiyo maana siku hiyohiyo posta imefungwa, benki nyingi zimefungwa, shule inaweza kuwa imefungwa au la, duka la vyakula liko wazi, na kiwanda cha kuku kinaendelea. Gari la takataka nalo mara nyingi linasogea siku moja mbele, na asiyejua hilo anakaa na uchafu wiki nzima.

Kwa hiyo sentensi za mwanzo ziwe hizi: "Are you open on Monday?" kwa ofisi, "Are we off on Monday?" kwa msimamizi, "Is it a paid holiday?" kwa ofisi ya wafanyakazi, na "Do we get time and a half?" kwa anayeitwa kufanya kazi siku hiyo. Malipo ya mara moja na nusu kwa sikukuu ni makubaliano ya mahali pa kazi. Mwanafunzi asiende kudai kwa ukali kitu ambacho mwajiri hajaahidi, na asinyamazie kilichoahidiwa. Vifaa vya somo unavyo bure. Waambie wapige picha kwa simu kila tangazo wanaloliona mlangoni: "Closed in observance of Memorial Day", "Holiday hours", "We will reopen Tuesday". Matangazo hayo yana Kiingereza kigumu cha ofisi ambacho vitabu vya wanaoanza hukikwepa, na ndicho kinachowarudisha watu nyumbani bila huduma. Wiki moja nzima ya kusoma milango inatosha.

Humo humo ingiza tarehe. Aliyesoma Kongo, Burundi au Tanzania akiona 7/4 anasoma tarehe 7 Aprili. Mmarekani anasoma tarehe 4 Julai. Mtu anaweza kukosa miadi ya daktari kwa jambo hilo moja. Sikukuu zinakupa mazoezi ya tarehe yasiyochosha: "the third Monday in January", "the last Monday in May", "the fourth Thursday in November". Wape kalenda ya ukutani ya mwaka huu na penseli, wazitafute wenyewe. Wale wasiojua kusoma, na najua unao, wapake rangi tu: nyekundu kwa siku shule imefungwa, kijani kwa siku kazini hakuna kazi. Baada ya dakika 20 mama asiyejua herufi anakuonyesha kwa kidole siku ambayo atahitaji mtu wa kumlelea watoto, na hapo ana sababu ya kujifunza kusema "I need a babysitter on Monday".

Sasa Halloween. Usiiruke.

Fikiria itakavyokuwa kwa huyo mama ukiiruka. Kuanzia Septemba madukani kunaning'inia mafuvu, mifupa na utando wa buibui. Kisha jioni ya tarehe 31 Oktoba, giza likiingia, watu wasiojulikana waliofunika nyuso wanagonga mlango wake. Hao ni watoto wa jirani wanaotaka peremende, lakini yeye ametoka mahali ambapo kugongewa mlango usiku na watu waliojificha sura kulikuwa na maana nyingine. Kumfundisha Halloween ni kumpa habari za usalama wake mwenyewe, na ukimweleza hivyo, kwa Kiswahili, kabla ya somo kuanza, sidhani kama atafunga daftari. Hili ni somo ambalo lugha yenu ya pamoja itumike bila aibu kwa dakika kumi za mwanzo.

Mweleze kinachotokea, kisha anachoweza kufanya, kisha kile asicholazimika kufanya. Kinachotokea: watoto huzunguka nyumba hadi nyumba wakiwa na mavazi ya kuigiza, na miji mingi hutangaza saa rasmi za mzunguko huo. Anachoweza kufanya kinategemea taa ya barazani. Ikiwashwa, watoto wanajua wanakaribishwa. Ikizimwa, wengi hupita bila kugonga, na hakuna jirani mwenye akili atakayeona kwamba ametukanwa. Akitaka kutoa, "Happy Halloween! Take one" inamtosha. Akigongewa na hana kitu, "Sorry, no candy tonight." Asicholazimika kufanya ni kumpeleka mtoto wake kwenye sherehe ya shule. Sentensi ya kumwambia mwalimu wa mtoto ni fupi: "We don't celebrate Halloween. Can my daughter do something else that day?" Walimu wa shule za msingi huisikia mara nyingi, kutoka kwa Mashahidi wa Yehova na wengine wengi.

Asili yake ieleze kwa sentensi mbili tatu. Wakatoliki darasani kwako wanaijua Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba. Halloween ni mkesha wake, uliochanganyika na desturi za kumaliza mavuno za Waselti, watu wa kale wa Ulaya, na ulifika Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland. Halafu waambie kwamba Wamarekani wenyewe hawakubaliani juu yake. Kuna makanisa yanayoipinga waziwazi, na kuna yanayofanya mbadala katika uwanja wa kuegesha magari: waumini hufungua buti za magari, huzipamba, na watoto hupita kuchukua peremende mahali penye mwanga. Yule mama wa Kipentekoste atagundua kwamba ana wenzake wengi waliozaliwa hapahapa. Hapo una mjadala tayari: "I agree because", "I don't agree because", "In my church we". Zungumza nao kwa saa nzima kama wanataka. Kuchonga boga darasani kunatoa picha nzuri za kutuma kwa wafadhili, lakini mara nyingi ni saa nzima iliyopita bila mtu kusema sentensi kamili.

Sikukuu ambayo mimi naiona nzito kuliko Halloween kwa darasa kama lako ni ya tarehe 4 Julai, na sababu ni fataki. Huanza kulipuka siku kadhaa kabla, hazina ratiba mitaani, na kwa masikio ya mtu aliyekimbia Kivu usiku zinafanana na risasi. Ongea nao mapema Juni. Waambie onyesho rasmi la mji huanza giza likishaingia, waonyeshe mahali litakapofanyika, na wajue kwamba milio ya mtaani inaweza kuendelea hadi usiku wa manane. Fundisha "Is that fireworks?" na "What time does it stop?" Usichezeshe video ya fataki kwa sauti darasani bila kuwatahadharisha, zima sauti kabisa kama hujui nani ameona nini. Pia waambie kwamba wako askari wastaafu wa Marekani wanaoteseka na milio hiyohiyo, na baadhi yao huweka kibao mbele ya nyumba kuwaomba majirani wapunguze. Hilo huwafariji watu kuliko maneno ya pole, kwa sababu mtu anaacha kujiona yeye peke yake ndiye mwoga.

Baada ya kulimaliza la fataki, wiki hiyo ni zawadi kwa mwalimu wa Waafrika wa Maziwa Makuu. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Burundi na Rwanda, tarehe 1 Julai 1962. Kanada, ambako huenda baadhi yao wana ndugu, ina siku yake ya taifa tarehe 1 Julai pia. Marekani, 4 Julai, kwa Azimio la Uhuru la mwaka 1776. Karibu kila mtu darasani ana siku yake ndani ya siku tano. "When is your Independence Day? What did people do? What did you wear? Did you march?" Mzee aliyekuwa mtoto Bukavu mwaka 1960 ana mengi ya kusema, na atayasema kwa wakati uliopita bila wewe kutaja sarufi. Kitabu chako kitamwambia kuhusu bendera na soseji za kuchoma. Yeye ana cha kulinganisha nacho, na kulinganisha ndiko kunakofanya maneno yakae. Ila uwe macho. Katika kundi lililotoka vitani, siku za kitaifa zinaweza kugusa vidonda vya nani alimfanya nani nini. Uliza kuhusu nguo, nyimbo na chakula. Siasa waache waitaje wao wakitaka.

Thanksgiving, siku ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, usianze kuifundisha na bata mzinga. Anza na mwaliko. Ndiyo sikukuu ambayo mwanafunzi wako ana uwezekano mkubwa wa kualikwa nyumbani kwa Mmarekani, mfanyakazi mwenzake au muumini mwenzake, na adabu za kualikwa zinatofautiana na zetu mahali pasipoonekana. "We should get together sometime" ni maneno ya ukarimu yasiyo na tarehe, asijiandae. "Come over Thursday at two" ndiyo mwaliko. Akiambiwa saa mbili mchana kwa hesabu yao, yaani saa nane yetu, afike saa nane na dakika chache. Akifika saa kumi chakula kimeshapoa na wenyeji wamekasirika kimyakimya. Ajibu mwaliko kwa swali: "What can I bring?" Akiambiwa "Just bring yourself", bado anaweza kupeleka sambusa au matunda. Na asiende na shemeji, binamu na watoto wa jirani kabla ya kuuliza "Is it OK if I bring my children?" Kwetu mgeni huja na aliowakuta nyumbani, na sufuria hutanuka. Kwao viti vimehesabiwa.

La mezani ndilo linalowaacha wengi na njaa. Sisi hukataa mara ya kwanza kwa heshima, mwenyeji anasisitiza, tunakataa tena kidogo, ndipo tunapokea. Ukisema "No, thank you" Marekani, mara nyingi chakula kinapita kwa mwingine na hakirudi. Mwenyeji anaamini amekuheshimu kwa kukubali ulichosema. Igizeni jambo hili darasani, mara mbili, kwa taratibu zote mbili; watu watacheka mpaka machozi, na hawatasahau "Yes, please" maisha yao yote. Familia nyingi pia huzunguka meza kila mtu akisema anashukuru kwa lipi. Kila mwanafunzi aende na sentensi yake aliyoifanyia mazoezi, "I'm thankful for my family's safety", au nyingine yoyote anayoimaanisha. Walokole wako watakuwa wazuri kwenye hili, wamezoea ushuhuda. Kazi yako itakuwa kuwafupisha.

Historia ya siku hiyo iseme kweli, hata kwa maneno machache. Mwaka 1621 Waingereza waliohamia Plymouth walikula chakula cha mavuno pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi, ambao walikuwa wamewasaidia kuishi. Miaka 54 baadaye, 1675, vita kati ya wahamiaji na wenyeji ilianza, na wenyeji wakapoteza watu na ardhi. Rais Lincoln aliitangaza kuwa siku ya shukrani ya taifa mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Bunge likaiweka kisheria kwenye Alhamisi ya nne mwaka 1941. Tangu 1970 baadhi ya wazawa hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Watu waliopoteza mashamba yao hawahitaji kufichwa habari hii, na wataielewa upesi kuliko madarasa mengi ninayoyajua.

Hapa kuna jambo la sarufi ambalo pia ni la haki. Kitabu chako bila shaka kinasema "Americans eat turkey". Ibadilishe kila mara: "Many families eat turkey. Some people work. My neighbor makes tamales." Jirani wa mwanafunzi anaweza kuwa Mmeksiko, Mvietnam, Mmarekani Mweusi, au mzee wa Kentucky asiyeadhimisha chochote. Mpe kila mmoja swali moja la kupeleka kazini, "What does your family do for Thanksgiving?", arudi na majibu mawili. Majibu yakiwekwa ubaoni hayafanani, na "many", "some", "a few" na "nobody" zinajifundisha zenyewe. Faida nyingine ni kwamba amezungumza na mtu mahali pa kazi, jambo ambalo baadhi yao huwa hawalifanyi kwa wiki nzima.

Shule za watoto zina utamaduni wao na huko ndiko wazazi huchanganyikiwa zaidi. Februari mzazi analetewa orodha ya majina ya darasa zima na agizo kwamba mtoto wa miaka saba alete kadi za Valentine. Mzazi wa kwetu anaweza kuona ni uchafu mtupu. Mwambie kwamba kadi ni za urafiki, anapewa kila mtoto bila ubaguzi, na pakiti nzima inauzwa kwa dola chache. Soma barua hizo na darasa zikiwa kama zilivyo: nani anatakiwa kuleta nini, lini, na je ni lazima? "Optional" ni neno la kufundishwa mapema. Watoto wanajua Kiingereza kuliko wazazi wao na baadhi yao huitafsiri "optional" kuwa "lazima ununue leo".

Krismasi usiipe muda mwingi, wanaijua. Ongeza tu "Happy holidays" kama salamu salama kwa usiyemjua dini yake, na desturi ya kazini ya kupeana zawadi kwa kura, ambayo huwa na kiwango cha bei. Asizidishe, maana zawadi kubwa inamwaibisha anayepokea.

Kati ya 26 Desemba na 1 Januari kuna Kwanzaa, na hiyo usikose kuifundisha hata kama kitabu chako hakina. Ilianzishwa mwaka 1966 huko California na Maulana Karenga kwa ajili ya Wamarekani Weusi, na nguzo zake saba zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Watu huulizana "Habari gani?" na jibu ni jina la nguzo ya siku hiyo. Kuna mkeka, mishumaa saba, kikombe cha umoja. Ni sikukuu ya Marekani ambayo wanafunzi wako wanaweza kuwafundisha Wamarekani matamshi. Si familia zote Nyeusi zinazoiadhimisha, lakini kama kuna maktaba au kituo karibu nawe kinachofanya hafla, wapeleke. Mwanafunzi ambaye mwaka mzima amekuwa akisahihishwa ataombwa yeye asahihishe, tena kwa Kiingereza: "We say it like this."

Usisahau upande wa pili, sikukuu zao wenyewe. Muislamu darasani kwako anahitaji sentensi ya kuomba siku ya Idi zaidi ya anavyohitaji habari za Rais Washington: "I need to take Friday off for a religious holiday. Can I switch shifts with someone?" Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 inawataka waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi wazingatie mahitaji ya dini ya mfanyakazi isipokuwa pale inapowaletea mzigo mkubwa. Aombe mapema, kwa maandishi ikiwezekana, na kwa kuwa Idi hutegemea mwezi, ajue kusema "It will be Friday or Saturday. It depends on the moon." Fanyeni mazoezi, wewe ukiwa msimamizi mkaidi kidogo.

Siku ya Martin Luther King, iliyoadhimishwa kitaifa kwa mara ya kwanza mwaka 1986, na Juneteenth, iliyoingia kwenye orodha ya serikali kuu mwaka 2021, zifundishe zikifuatana kwa sababu zinamweleza mwanafunzi nchi aliyoingia na jinsi ngozi yake itakavyotazamwa humo. Juneteenth ni hadithi nzuri kwa wanaoanza: tangazo la kuwaachia watumwa wa majimbo yaliyoasi lilianza kazi 1 Januari 1863, lakini Galveston, Texas, amri ilisomwa 19 Juni 1865. Kwa nini ilichelewa? Acha wakisie kabla ya kuwaambia kwamba amri ilifika na jeshi. Siku ya Marais, Columbus Day na nyinginezo zitaje tu kwenye kalenda upite.

Memorial Day na Veterans Day zinahitaji dakika chache zaidi kwa sababu watu huzichanganya. Ya kwanza, Jumatatu ya mwisho ya Mei, ni ya askari waliokufa vitani. Ya pili, 11 Novemba, ni ya wote waliotumikia jeshi, wakiwemo walio hai. Kinachowachanganya wageni ni kwamba siku ya maombolezo ya Mei imejaa nyama choma na matangazo ya magodoro kwa bei nafuu. Wakimkuta mtu aliyefiwa na mwanawe vitani wasimwambie "Happy Memorial Day". Novemba, "Thank you for your service" inakubalika.

Hizo mbili pia zimo kwenye mtihani wa uraia, ambao mkimbizi anaweza kuuomba akishatimiza miaka mitano tangu aingie nchini. Toleo la sasa linaweza kumuuliza Memorial Day ni nini, Veterans Day ni nini, na kumtaka ataje sikukuu tatu za taifa. Majina ya sikukuu pia yamo katika maneno ya sehemu ya kusoma na kuandika. Usiligeuze darasa zima kuwa la mtihani kwa ajili ya hao wachache. Wabakize robo saa baada ya wengine kuondoka, wao wawe maafisa wakuulize wewe, nawe ujibu vibaya makusudi, useme Labor Day ni Mei Mosi na Krismasi ni mwezi wa kumi, wakusahihishe kwa sentensi kamili.